Uangalizi wa Walimu Katika Milima ya Upare

Nchi hii ya Same ilifanywa prefektura ya kitume mwaka 1963, ikawa jimbo kamili mwaka 1977. Kati ya miaka hiyo ilipita Sheria ya Elimu ya 1969, nazo shule nyingi za misheni zikatwaliwa na Serikali. Padre msimamizi akaweka chini daftari lake la ziara. Kazi ikabaki kwa mkaguzi. Naye mkaguzi hupanda Mbaga au Chome, hutazama andalio la somo, huandika taarifa, kisha hushuka. Je, ni nani abakiye na mwalimu kijana afundishaye hesabu peke yake?

Haja hiyo ilizidi tangu 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza na shule za kata zikaongezeka. Wakaguzi siku hizi huitwa wathibiti ubora. Jina ni jipya, mlima ni uleule. Kwa hiyo mzigo ni wa mkuu wa shule: aingie darasani, aketi nyuma, kisha aseme na mwalimu faraghani, wala si mbele ya wanafunzi. Tena amtafutie nyumba karibu, maana apandaye kilima kila asubuhi huanza somo amekwisha kuchoka.