Impreza ya Mwaka Gani? Usiamini Macho, Soma Kibati

Jirani yangu hapa Kisauni alinijia majuzi nikamtazamie gari. Kijana wake amepata Subaru Impreza, STI ya 2005, muuzaji ana haraka na bei ni ya kutamanisha. Kweli gari lilikuwa zuri: buluu, rimu za rangi ya dhahabu, taa za mbele zenye umbo la tone. Nikaomba boneti ifunguliwe. Kibati kilikuwa kimeandikwa herufi zinazoanza na GDAA. Nikamwambia mzee wa watu arudishe pesa mfukoni kwanza.

Herufi hizo nne zilisema mambo mawili: gari si STI, na si la 2005.

Nimeona niandike haya kwa sababu si yeye peke yake. Sheria yetu hairuhusu gari la zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini, kwa hiyo Impreza hizi za zamani hazishuki tena bandarini Kilindini. Zilizopo ni zile zilizoingia miaka hiyo, zimepita mikono mingi na gereji nyingi, na karatasi za mnada wa Japani zilishapotea. Lililobaki ni gari lenyewe, na gari linaweza kuvalishwa.

Mapenzi ya gari hili hapa kwetu yana historia. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akarudia 2000. Tangu hapo kila kijana anataka ya buluu.

Kizazi cha kwanza cha WRX kilitoka Japani Novemba 1992, na saluni yake hujulikana kwa jina la GC8. Injini ni ya lita 2.0 yenye tabo, nguvu za farasi 240 mwanzoni, na STI zikafika 280 kuanzia 1996. Gia za manyuo ni tano kwa zote. Wenyewe huziita kwa "Version": ya tatu ni ya 1996, ya nne 1997, ya tano 1998 na ya sita 1999. Kwenye kibati hizo ni herufi D, E, F na G kwa mpangilio huo. Njia ya haraka ya kutenga C na D upande mmoja, na E kwenda mbele upande wa pili, ni kuingia ndani: dashibodi ilibadilishwa 1997. Kubadilisha dashibodi nzima ni kazi ya kuchosha, hivyo waigaji wengi huiacha.

Kizazi cha pili ndicho chenye vurugu zaidi, kwa sababu kilibadilishwa uso mara mbili. Kilitoka Agosti 2000 na taa za mviringo. Novemba 2002 zikaja taa za tone. Juni 2005 zikaja taa zilizochongoka, na grili yenye umbo la mbawa zilizokunjuliwa. Wajapani wenyewe wana majina ya kupendeza: maru-me, jicho la mviringo, namida-me, jicho la machozi, na taka-me, jicho la mwewe.

Tatizo ni kwamba jicho la mviringo halikupendwa na wengi lilipotoka. Kwa hiyo wenye magari wakaanza kununua uso wa mtumba: taa, bampa, fenda mbili na boneti. Fundi mzuri huumaliza kwa siku chache, akapiga rangi, na gari likazeeka nyuma tu. Ukitilia shaka, tazama nyuma kweli. Taa za nyuma za saluni zilibadilika kwa jicho la mwewe, na anayeghushi uso huo mara nyingi husahau buti.

Lakini usibahatishe. Kibati kiko ndani ya chumba cha injini, juu pale shokamzoba inapofungwa. Tafuta mstari wenye herufi saba zinazoanza na G. Tatu za mwanzo ni bodi na injini: GDA ni WRX saluni, GDB ni STI saluni, GGA ni WRX ya milango mitano. Ukiona GD2, GD3, GG2 au GG3, hilo ni gari la lita 1.5 lisilo na tabo, hata kama boneti lina tundu la hewa na beji ya STI imebandikwa pande zote. Hizi za 1.5 zilizovalishwa ni nyingi mno mjini. Si gari baya, halili mafuta sana, ila lisiuzwe kwa bei ya kakake.

Herufi ya nne ndiyo toleo. Kwa GDB, A ni ya 2000, B ya 2001, C ya Novemba 2002, D ya 2003, E ya 2004, F ya 2005 na G ya 2006. Maana yake A na B ni lazima ziwe na taa za mviringo, C, D na E za tone, F na G za mwewe. Herufi na uso visipopatana, uliza kwa nini. Huenda jibu ni ajali.

Kuna mambo mawili ambayo hayahitaji kibati. Kwanza, STI GDB ina gia sita, na WRX ya manyuo ina tano. Pili, rimu. STI za A hadi D zina duara la nati la milimita 100. Kuanzia E likawa 114.3. WRX GDA ilibaki na 100 hadi mwisho. Huhitaji kifaa maalumu: pima kwa rula kutoka katikati ya nati moja hadi katikati ya nati isiyokuwa jirani yake. Ukipata karibu 95, duara ni 100. Ukipata karibu 109, ni 114.3. Hili lina gharama yake, kwa sababu ukiagiza rimu kwa kuamini mwaka ulioambiwa, hazitaingia.

Mlio nao husema, kwa mwenye sikio. STI za Japani kuanzia C zilipewa tabo ya njia mbili na mabomba ya egzosi yenye urefu sawa, na ule mngurumo wa kudundadunda ukapotea. Ukiusikia kwenye STI iliyotajwa kuwa ya 2004, ama egzosi imebadilishwa ama gari si hilo.

Mwisho wa ukaguzi ni nambari ya chasi. Kwa gari la soko la Japani haina tarakimu 17. Ni fupi, mfano GDB ikifuatiwa na kistari na tarakimu. Imegongwa kwenye bati la bodi nyuma ya injini. Linganisha na ya kwenye kibati, kisha tafuta rekodi ya gari NTSA kwa nambari ya usajili uone kama chasi na injini ni zilezile. Kibati hufungwa kwa ribiti na kinaweza kuhamishwa. Chuma kilichogongwa ni kigumu zaidi kughushi. Ukiona dalili za kuchomelewa au kusuguliwa hapo, ondoka.

Yule muuzaji alidai kitabu cha gari kiko kwa wakili. Tulipopima nati tukapata 95. Tulipotafuta rekodi, chasi ilianza na GDA, sawa na kibati. Hakubisha tena. Baada ya wiki moja kijana alilinunua, kama WRX ya toleo la kwanza na kwa bei ya WRX ya toleo la kwanza. Sasa anatafuta taa za mviringo alirudishie uso wake.