NGOMA ZA BURUNDI: ZILIKOTOKA NA ZILIKOFIKA

Mgeni akija kambini, vijana wetu humpokea kwa ngoma. Kuzipiga wanajua. Je, wanajua pia zilikotoka?

Kwa Kirundi, neno ingoma lina maana mbili: ngoma yenyewe na utawala. Hapo kale ngoma zilikuwa za ufalme, si za kujifurahisha. Wapigaji, yaani abatimbo, walirithishana kazi hiyo katika koo maalumu. Walizipiga mwami alipotawazwa, na wakati wa umuganuro, sherehe ya kila mwaka ya kufungua upandaji wa mtama. Ngoma kuu ya ufalme iliitwa Karyenda. Kilima cha Gishora, karibu na Gitega, kinachohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo, kinajulikana hadi leo kwa ngoma hizo.

Ngoma huchongwa kwa gogo la mti uitwao umuvugangoma, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi vya mti. Katikati hukaa inkiranya, inayoongoza. Nyingine huizunguka nusu duara: amashako hushika mdundo usiokatika, na ibishikizo huifuata inkiranya. Wapigaji hupokezana katikati, wakicheza na kuruka.

Mwaka 1966 ufalme ulifutwa, lakini ngoma haikufa nao. Iliingia katika sherehe za taifa, kisha ikavuka mipaka. Sauti zilizorekodiwa miaka ya 1960 zilisambaa kwa sahani za santuri, na mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada akatumia midundo hiyo katika wimbo wake The Jungle Line. Mwaka 1982 wapigaji wenyewe walikwenda Uingereza katika tamasha la kwanza la WOMAD. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma hii katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Lakini si santuri na matamasha tu yaliyoisambaza. Mwaka 1972, 1993 na 2015 maelfu ya Warundi walikimbia nchi yao. Ngoma ni nzito, haibebwi na mtu anayekimbia. Kilichobebwa ni ujuzi. Penye gogo na ngozi, mdundo ulianza upya.

Oktoba 2017 amri ya Rais wa Burundi ilikataza wanawake kupiga ngoma hizi, na ikataka vikundi viombe kibali. Wanaoiunga mkono husema hiyo ndiyo mila. Wengine hukumbusha kwamba hata Karyenda ilikuwa na mwanamke wake wa heshima, Mukakaryenda. Mila isiyofahamika haiwezi kutetewa wala kurekebishwa.

Kwa hiyo tunawaomba wazee wawafundishe watoto waliozaliwa kambini, wavulana kwa wasichana, majina na maana ya kila ngoma. Nanyi wafanyakazi wa mashirika, mnapotuomba ngoma ya kupokea wageni, tupeni pia dakika tano za kuieleza. Ngoma hii haikuanza kama burudani ya wageni. Ilikuwa sauti ya nchi.