Kofia za Karatasi na Aya ya Winslow: Sikukuu ya Shukrani katika Shule za Marekani

Sikukuu ya Shukrani, ambayo Wamarekani huiadhimisha Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba, ni miongoni mwa sikukuu za kitaifa ambazo sura zake za leo zimefinyangwa darasani kwa kiasi kikubwa. Huangukia majira ya majani kupukutika, ambayo vitabu vya Kiswahili huyaita vuli, ingawa kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki vuli ni mvua za mwisho wa mwaka, wakati wa kupanda na si wa kuvuna. Kwa kiini chake ni sikukuu ya mavuno, na muumini wa Tanzania au Kenya aliyezoea kupeleka mahindi na ndizi madhabahuni hataiona ngeni. Ila hii imefungwa kwenye kisa kimoja cha kihistoria, ambacho watoto husimuliwa hata kabla hawajajua kusoma.

Kisa hicho kilitokea Plymouth, katika Massachusetts ya leo, mwaka 1621. Walowezi wa Kiingereza waliokuja baadaye kuitwa Mahujaji, kwa kuwa baadhi yao waliihama nchi yao kwa ajili ya imani, walifika mwishoni mwa 1620 kwa meli ya Mayflower wakiwa abiria 102, na hadi majira ya kuchipua nusu yao hivi walikuwa wamekufa. Karamu yao ya mavuno inajulikana hasa kwa aya moja fupi ya barua aliyoiandika Edward Winslow mnamo Desemba 1621, iliyochapwa London mwaka uliofuata: gavana aliwatuma watu wanne kuwinda ndege, nao kwa siku moja wakapata kitoweo cha karibu wiki nzima, Massasoit, mkuu wa Wawampanoag, wenyeji wa eneo hilo, akaja na wanaume wapatao 90, watu wakala na kuburudika siku tatu, na wageni wakaenda kuwinda kulungu watano, wakawaleta. Aya haimtaji bata mzinga, kitoweo cha sikukuu hii leo, wala haiiiti karamu hiyo siku ya shukrani, kwani kwa walowezi wale siku ya shukrani ilikuwa siku ya ibada na maombi, kama ile waliyoifanya mwaka 1623 mvua iliponyesha baada ya ukame mrefu.

Kwa zaidi ya karne mbili karamu hiyo haikuwa msingi wa sikukuu yoyote. Rais George Washington alitangaza siku ya shukrani mwaka 1789 bila kuigusia, na ni mwaka 1841 ndipo Alexander Young, alipoichapa upya barua ya Winslow, alipoweka tanbihi akiitambulisha karamu ile kuwa Shukrani ya kwanza. Sarah Josepha Hale, mhariri wa jarida la wanawake, aliandika barua kwa viongozi miaka mingi akitaka siku moja kwa taifa zima, hadi Rais Abraham Lincoln alipoitangaza Oktoba 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Na hata tangazo hilo halikutaja Mahujaji wala Wawampanoag.

Shule ndizo zilizokiunganisha kisa na sikukuu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, madarasa ya miji mikubwa yalipojaa watoto wa wahamiaji kutoka Italia, Urusi na kwingineko, walimu waliona katika Mahujaji mfano wa wageni waliovuka bahari wakapata makao, na walitarajia kwamba mtoto angeipeleka sikukuu nyumbani kwa wazazi wasiojua Kiingereza. Kazi hiyo haijakoma, kwani leo watoto wa familia za Wakongo wanaozungumza Kiswahili waliohamia Marekani nao huipata sikukuu hii kwanza shuleni.

Kutoka hapo zilizuka kazi za mikono zinazojulikana na karibu kila Mmarekani. Mtoto hutandaza kiganja juu ya karatasi, akakizungushia kalamu, kidole gumba kikawa kichwa cha bata mzinga na vidole vinne vikawa manyoya ya mkia. Wengine huvaa kofia nyeusi ya karatasi yenye bizimu ya njano, ambayo haikuwa vazi la kawaida la walowezi wale. Wengine hufungwa utepe wa kahawia uliobandikwa manyoya ya rangi, kwa kuiga taji za mataifa ya nyanda za mbali magharibi, kama Walakota, ambazo Wawampanoag hawakuzivaa.

Lakini hasara kubwa zaidi imo katika yale yaliyoachwa nje ya kisa hicho. Tisquantum, ambaye vitabu vya shule humwita Squanto, mkalimani mwema aliyewafundisha wageni kupanda mahindi, alitekwa na nahodha Mwingereza mwaka 1614 na kupelekwa kuuzwa Hispania. Aliporudi mwaka 1619 alikikuta kijiji chake cha Patuxet kimekuwa mahame, watu wake wamemalizwa na maradhi, na Plymouth ilijengwa juu ya mahame hayo hayo. Massasoit naye (hicho ni cheo, jina lake lilikuwa Ousamequin) alifunga mapatano na Waingereza kwa hesabu za kisiasa, maana maradhi yaliwadhoofisha watu wake huku jirani zao Wanarragansett wakibaki na nguvu. Mwanawe Metacom aliuawa mwaka 1676 katika vita dhidi ya walowezi, na kichwa chake kikatundikwa Plymouth. Mtoto anayesimuliwa siku tatu za mwanzo bila miaka hamsini na mitano iliyofuata amenyimwa historia.

Mwaka 1970 Wamsutta Frank James, Mwampanoag aliyealikwa kuhutubia maadhimisho ya miaka 350 ya kufika kwa Mahujaji, alikataliwa hotuba yake baada ya waandaaji kuisoma. Siku ya Shukrani mwaka huo yeye na wenzake walikusanyika Plymouth kwa Siku ya Kitaifa ya Maombolezo, inayofanyika hadi leo. Tangu hapo walimu wengi wameziweka kando kofia na manyoya, na baadhi yao huwapa wanafunzi aya yenyewe ya Winslow waichambue: Wawampanoag walikuja wangapi, nani alileta nyama. Kuna pia somo la zamani zaidi ya hilo. Wawampanoag wa Aquinnah, kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard, huadhimisha shukrani yao Jumanne ya pili ya Oktoba, yanapoiva matunda madogo mekundu yenye ukali yaitwayo kranberi. Siku hiyo watoto wao hupewa ruhusa ya kutokwenda shule, wakaenda kuchuma pamoja na wazee wao.