Somo wa Biryogo na Mfuko wa Kawunga

Mkoba wangu wa kazi hauna mengi: hina, udi, shanga, khanga mbili. Siku hizi nimeongeza mfuko wa kilo 5 wa kawunga, yaani unga wa mahindi, na mabiharusi wakiuona hucheka wakidhani tunaanza na mapishi.

Mimi ni somo, nawafunda mabiharusi hapa Biryogo, Kigali. Kazi hii nimeirithi kwa bibi yangu, ingawa mshahara nilikula kwa uuguzi hadi nilipostaafu. Bibi alizaliwa Ujiji, akaja Kigali nyuma ya mume mchuuzi. Mji ulikuwa bado mchanga. Kandt, yule Mjerumani, aliuanzisha mwaka 1907, na pamoja na Wajerumani wakaja askari na wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili. Wabelgiji walipotwaa nchi, waliwatenga Waislamu kwenye Kambi ya Waswahili, na kutoka humo kulihitaji kibali. Ndani ya kambi ile ndipo unyago wa pwani na wa bara ulipokutana na mafunzo ya Kinyarwanda: huku kungwi, kule nyirasenge, yaani shangazi mtu.

Wetu walikuja na kiuno, udi na lugha ya shanga. Wenyeji walikuwa na guca imyeyo, kwenda kukata nyasi za mafagio. Wasichana walirudi na nyasi kiganja kimoja na mafunzo mzigo mzima, kwa kuwa huko ndiko walikofundishana gukuna, kuvuta midomo ya uke. Hilo mimi simfundishi mtoto wa watu. Walianzishwa wadogo mno, na nani aliwauliza? Lakini kunyaza ninakusifu. Ni ufundi wa mwanamume kumbembeleza mkewe kwa mdundo, taratibu, mpaka maji yatoke. Hadithi inasema alianza malkia na mlinzi wake mfalme alipokuwa vitani, mlinzi akitetemeka kwa hofu, na wapo wanaoapa kwamba Ziwa Kivu lilitokana na maji hayo. Miaka ya karibuni Vestine Dusabe ameyazungumza haya wazi kwenye redio ya Flash FM, na mwaka 2016 yakatengenezewa filamu, Sacred Water. Bibi yangu angejifunika khanga usoni, kisha angeongeza sauti ya redio.

Nimeyapekua mafunzo yote hayo, ya pwani na ya milima hii. Kuna kiuno, paja, sikio, mgongo. Mkono hauendi kooni.

Basi kabali ya kitandani imetoka wapi? Kwa kiasi fulani, imetoka kwenye kitanzi. Ulaya watu walikusanyika kutazama wahalifu wakinyongwa, wakaona baadhi ya wanaume wanasimamisha pale pale kambani. Wakadhani wamegundua dawa ya nguvu za kiume, kumbe ni mwili unaokata roho. London, tarehe 2 Septemba 1791, mwanamuziki František Kotzwara, mtunzi wa The Battle of Prague, alimwendea kahaba aitwaye Susannah Hill katika mtaa wa Vine Street. Wakala, wakanywa, kisha akajifunga kamba shingoni na kuining'iniza kwenye kitasa cha mlango. Dakika 5 baadaye mwanamke yule aliikata kamba. Bwana alikuwa amekwisha. Susannah alishtakiwa kwa mauaji, na mahakama ya Old Bailey ikamwachia. Tokyo nako, Mei 1936, Sada Abe na mpenzi wake Kichizo Ishida walikuwa wamezoea kukabana kwa raha. Usiku wa mwisho akamkaba usingizini kwa mshipi wa kimono hadi akafa.

Zamani habari kama hizo zilikuwa za kunong'onezwa. Leo zinaingia hata hapa kwetu kwa bando la simu. Marekani, mtafiti Debby Herbenick wa Chuo Kikuu cha Indiana amewahoji wanafunzi wa chuo, na zaidi ya nusu ya wasichana wakasema wameshakabwa kitandani.

Juzi biharusi mmoja, hina bado mbichi mikononi, aliniuliza huku akitazama mkeka.

“Bibi, na akitaka kunikaba? Anasema hataziba pumzi.”

Nikamwekea mfuko wa kawunga kiganjani, nikamwambia aupime. Pande mbili za shingo, mjukuu wangu, ipo mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo. Kuiziba, unatosha uzito kama huu, kilo 5 hivi. Bomba la hewa ni gumu zaidi, linataka kama 15. Kwa hiyo unaweza kuwa unapumua vizuri na ubongo haupati kitu. Mwaka 1943 madaktari wa Marekani walichapisha majaribio ya vijana wazima waliobanwa shingo kwa mkanda wa hewa: walizimia kati ya sekunde 5 na 10. Vibaka wa Nairobi wanaopiga watu ngeta, yaani kabali, hawakusoma jarida lile, lakini hesabu wanaijua. Ukitaka kusema “basi”, utakuwa umeshachelewa.

“Lakini shoga yangu anafanya, hana hata alama.”

Hapo nilinyamaza kidogo. Zamani, nikiwa zamu ya usiku katika hospitali moja, alikuja msichana, sauti imekauka, shingo ameifunga mtandio. Alisema kumeza kunamuuma. Nilitazama shingo, sikuona kitu, nikampa vidonge vya koo nikamruhusu. Siku ya tatu walimrudisha mdomo umeenda upande na mkono wa kulia haunyanyuki. Ngozi ya nje ilikuwa safi. Ukuta wa ndani wa mshipa ndio uliochanika, damu ikaganda pale, na kipande kikapanda kichwani. Kiharusi, kwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Aliyemkaba ndiye aliyembeba mgongoni, analia. Hakuwa amemkusudia ubaya wowote.

Ndiyo maana siku hizi simalizi mafunzo bila kutaja sauti ya kukwaruza, kumeza kwa shida, kichwa kinachouma upande mmoja, macho yenye vidoa vyekundu: hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie daktari umekabwa, aibu au hapana aibu.

Biharusi wangu aliupima tena ule mfuko, mkono huu, kisha mkono ule, hina ikachafua karatasi.

“Mwepesi hivi?” akauliza. Akaniomba aondoke nao, akamwonyeshe.