Kuchora kwa Watoto Mlimani Kwetu

Wako wazazi hapa Tarakea wasemao ya kuwa kuchora na kufinyanga ni mchezo tu, tena ni jambo geni lililokuja na shule. Kwamba ni jambo geni, si kweli, na habari zake zastahili kujulikana.

Zamani, kabla ya shule, wazee wa Kichaga walikuwa na mregho, yaani fimbo iliyochongwa alama. Kijana alipotahiriwa, mwalimu wake aliishika fimbo ile akaifuata alama kwa alama, na kila alama ilikuwa na fundisho lake: habari za kuzaliwa kwa mtu, za wazazi, za adabu. Basi mti ule ulikuwa kitabu, na mchongaji ndiye mwandishi. Bruno Gutmann, mmisionari aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliyaandika mafundisho hayo katika vitabu vitatu vilivyotoka kati ya 1932 na 1938. Asingaliyaandika, mengi yangalipotea, maana fimbo ile haisomeki ila na mtu aliyefundishwa. Naye Otto Raum, katika kitabu chake cha mwaka 1940 juu ya malezi ya watoto wa Kichaga, hata michezo yao aliihesabu kuwa elimu.

Shuleni mtoto alipewa kalamu, lakini mara nyingi ilikuwa ya kunakili. Mwalimu huchora kikombe ubaoni, na darasa zima huchora kikombe kile kile. (Sisi walimu twapenda hivyo, kwa kuwa ni rahisi kusahihisha.)

Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha kuchora huko Makerere, Uganda, katika miaka ya 1930, alishika njia nyingine. Aliwasimulia wanafunzi habari ya sokoni au ya shambani, nao wakachora waliyoyaona moyoni. Mwaka 1939 picha zao zilionyeshwa London. Kwake alisoma Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923. Huyo, hata baada ya kusoma Ulaya, hakuacha kuchora maisha ya Uchagani. Picha yake ya watu wampelekeao bibi arusi pombe ya ndizi usiku ilinunuliwa mwaka 1960 na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York.

Akafuata Elimo Njau wa Marangu, aliyezaliwa mwaka 1932, naye pia akasoma Makerere. Mwaka 1959 alichora maisha ya Kristo katika kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, na watu na vilima katika picha hizo ni vya Kikuyu. Baadaye akafungua nyumba ya sanaa Marangu, akaiita Kibo, na mwaka 1965 nyingine Nairobi, iitwayo Paa ya Paa. Aliwahimiza sana watoto wachore, lakini wasinakili. Kunakili, alisema, humlaza Mungu usingizi.

Rangi za dukani ni ghali, lakini mkaa na udongo hatununui. Siku ya soko watoto wetu huona mikungu ya ndizi, magunia ya maharage, na kilele cha Mawenzi juu ya yote. Lakini fungua daftari zao za kuchora, utakuta vikombe.