Mmea wa Mpakani

Sebule yangu hapa Mwanza haina mwanga wa kutosha. Nilipojenga mwaka 1983, kwenye mteremko wa kilima cha Bugando, fundi aliniambia kwamba jabali la upande wa mashariki halivunjiki kwa mfuko wa mwalimu, nami nikaliacha. Wenye nyumba katikati ya majabali ya mji huu watanielewa: jua huchungulia dirishani kidogo tu, kisha likapita juu ya paa.

Hata hivyo nilitaka maua ndani. Niliona si vizuri mwalimu mkuu kupokea wageni katika chumba kikavu. Nikanunua waridi, likafa. Nikanunua jingine, nalo likafa. Kila lilipoanza kunyong'onyea nililiongezea maji, na ndivyo nilivyolimaliza.

Mwaka 1989 mke wangu, Mchagga wa Marangu, alirudi kutoka kwao na vipande viwili vya isale ndani ya gunia bichi. Akavipanda kwenye kopo la rangi, akaliweka pembeni mwa sebule. "Mwalimu, hili halitakusumbua," akasema. Nilimwambia alitoe. Masale ni mimea ya kuonyesha mpaka wa shamba, nikamweleza, si pambo la sebuleni. Akalipeleka nyuma ya jiko bila kunijibu.

Nilikuwa nafundisha historia, lakini historia ya mmea ule sikuijua.

Uingereza iliwahi kutoza kodi ya madirisha, tangu mwaka 1696 hadi 1851, na wako walioziba madirisha yao ili wasilipe. Katika miji ya viwanda uliongezeka moshi wa makaa ya mawe na wa taa za gesi. Mimea ya jua haikuvumilia nyumba za namna hiyo. Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, aligundua kwamba mmea unaweza kuishi muda mrefu ndani ya chombo cha kioo kilichofungwa. Mwaka 1833 masanduku yake ya vioo yalivuka bahari hadi Australia, na tangu hapo mimea ya nchi za joto ilisafirishwa ikiwa hai. Iliyoshinda ndani ya nyumba ni ile iliyozaliwa chini ya miti mirefu, ambako mwanga hufika kwa kuchujwa.

Na mingi ilitoka kwetu. Isale, ambalo wataalamu huliita Dracaena fragrans, ni mmea wa misitu ya Afrika. Leo limesimama katika ofisi za Ulaya na Marekani. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta Usambara ua dogo la rangi ya urujuani lililoota penye kivuli. Alimpelekea baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata likapewa jina la ukoo wao, Saintpaulia. Zamioculcas, yenye majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, ni ya Afrika Mashariki na Kusini, Zanzibar ikiwemo. Waholanzi walianza kuizalisha kwa wingi kwa biashara miaka ya 1990. Sasa tunauziwa kama ua la Kizungu.

Kwa hiyo, msomaji, ukichagua mmea wa chumba chenye mwanga hafifu, uliza kwanza kwao ni wapi. Wa kivulini mara nyingi una majani mapana ya kijani kilichokoza. Hukua polepole, kwa hiyo hunywa kidogo. Ingiza kidole udongoni, na kama bado pana unyevu, weka ndoo chini. Tena hafifu si giza: mahali usipoweza kusoma gazeti adhuhuri bila taa, hata isale halitadumu. Zamioculcas iweke mbali na watoto, maana utomvu wake huwasha.

Mwaka 2004 niliona katika kitabu cha maktaba picha ya sebule ya Ulaya, na ndani yake isale kwenye chungu kizuri. Nilirudi nyumbani nikaliingiza kopo lile pahali pale pale pa mwanzo. Mke wangu alitazama, akaendelea kuchambua mchele.

Kwao, aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani la isale, na mwenye kupelekewa hakatai kusamehe. Desturi hiyo niliijua. Majani yalikuwa mbele yangu, nami nilihamisha kopo tu. Alifariki mwaka 2011.

Kilichotufika mimi na isale ni kwamba nilihitaji picha ya Ulaya ili nisadiki alichoniambia mtu wa nyumbani mwangu. Sasa linakaribia dari. Kila Jumamosi nayafuta majani yake vumbi, moja moja.