Kwaya Iliyomo Ndani ya Kompyuta

Kwaya ya kompyuta ikikataa kuimba, vijana wengi hapa Songea hukimbilia kuita fundi. Mimi huwaomba kwanza wakae tuzungumze ilikotoka. Nimefundisha kwaya na kuandika nota kwa miaka mingi, na hitilafu nyingi za aina hiyo nilizozishika zina mzizi mmoja: nota ni kitu kimoja na sauti ni kitu kingine. Vilizaliwa mbalimbali, vikaunganishwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti, na kila kiungo kikaacha mwanya wake. Anayejua mwanya uko wapi hahangaiki kufuta programu na kuisakinisha upya usiku wa kuamkia mazoezi.

Nilijifunza kazi hii kwa stensili, mwishoni mwa miaka ya 1980. Karatasi ilikuwa ya nta. Unailaza juu ya kioo, unachora mistari mitano kwa rula na kalamu ya chuma isiyo na wino, kisha unaweka nota moja moja, sauti nne, shairi chini yake. Mkono ulitakiwa uwe na kipimo. Ukikandamiza kidogo mno, mashine ya kurudufu haipitishi wino. Ukikandamiza sana, duara la nota nyeupe linakatika na kudondoka, panabaki tundu, na wino ukipita pale nota ya mapigo mawili inatoka nyeusi kana kwamba ni ya pigo moja. Kwaya nzima inakosa hesabu, na nakala mia moja zimeshatoka. Aliyenifundisha, mzee mpole aliyekuwa akipokea nyimbo kutoka Peramiho na kuzisambaza vigangoni, alikuwa akiinua stensili mbele ya dirisha na kuitazama kwa mwanga, duara baada ya duara, kabla ya kuifunga kwenye mashine.

Wenzetu wa solfa hawakuwa na taabu hiyo. Njia ya do, re, mi tuliyoipokea Afrika ilianzia kwa mwalimu mmoja wa Norwich, Uingereza, Bi Sarah Glover, na mchungaji John Curwen akaitengeneza na kuieneza kuanzia miaka ya 1840. Nguvu yake ilikuwa herufi. Wimbo wote unaandikwa kwa d, r, m na nukta mbilimbili, kwa hiyo kiwanda chochote cha uchapaji kiliweza kuupiga chapa, na baadaye karani yeyote mwenye taipureta akaweza kuuchapa kwenye stensili bila kuchora mstari hata mmoja. Kwa njia hiyo nyimbo zilisafiri mbali kwa gharama ndogo. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule kule Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake tunaiimba leo tukisema Mungu ibariki Afrika, naye aliuandika kwa solfa.

Kwetu Wakatoliki, hitaji la nota liliongezeka ghafla. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya liturujia iliyofungua mlango wa lugha za watu katika Misa, na mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga alichapisha kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Kilatini kilipopungua, kila Dominika ilidai nyimbo za Kiswahili: za mwanzo, za katikati, za matoleo, za komunyo. Watunzi wakawa wengi kuliko wasomaji wa nota. Hilo ndilo jambo ambalo watu wa programu za muziki hawakulifikiria. Kwao nota huandikwa kwa ajili ya mtu anayezisoma. Kwetu nota huandikwa kwa ajili ya mwalimu, naye mwalimu huzigeuza kuwa sauti, anaimba kipande cha sauti ya pili, wanakwaya wanarudia, anahamia ya tatu, mpaka jioni koo limekauka. Kinanda kikiwepo, kinasaidia. Vigango vingi havikuwa nacho.

Kwa hiyo iliposemekana kwamba kompyuta inaweza kuimba, tulipokea habari hiyo kwa njaa.

Ilikuwa imeshaimba zamani. Mwaka 1961, katika maabara za Bell kule Marekani, John Kelly na Carol Lochbaum waliifanya kompyuta ya IBM itamke na kuimba wimbo mfupi, huku Max Mathews akiandaa ala za kuisindikiza. Lakini iliyotufikia sisi ilipitia njia nyingine, njia ya vinanda vya umeme. Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda walikubaliana juu ya MIDI, lugha ya kuambiana kati ya mashine na mashine: nota hii, nguvu hii, anza hapa, acha pale. MIDI haina sauti ndani yake. Inabeba amri tu. Mwaka 1991 ikaongezwa orodha ya ala 128 zenye namba, ili faili lililotengenezwa kwenye kinanda kimoja lisikike kwa namna inayofanana kwenye kingine. Namba 53 ni kwaya inayoimba "aa". Namba 54 ni sauti za "uu".

Hapo pana mwanya wa kwanza, nao umewasumbua wengi. Baadhi ya programu huanza kuhesabu orodha ile kwa 1, nyingine huanza kwa 0. Ukihamisha wimbo kutoka moja kwenda nyingine na kuandika namba kwa mkono, kwaya yako ya 53 inaweza kuangukia 52, ambako wanakaa fidla za bandia. Kijana anakuja analalamika kwamba kompyuta imeharibika na kwaya imegeuka fidla. Haijaharibika. Ongeza moja.

Finale, programu ya kuandika nota, ilitoka mwaka 1988, kazi ya Phil Farrand kwa kampuni ya Coda ya Marekani. Kwetu ilifika baadaye sana, na kwa kweli ilifika kwa flashi, kutoka mkono hadi mkono, kutoka seminari hadi parokia. Sidhani kama kuna programu iliyobadilisha uimbaji wa Kanisa Tanzania zaidi ya hiyo. Nota zilisomeka. Duara halikudondoka tena. Mtunzi wa Bukoba aliweza kusomwa Songea bila mwandiko wake kuleta ubishi. Na chini ya kitufe kimoja palikuwa na "aa" za sauti nne.

Ila zile nakala za flashi mara nyingi zilikuwa nusu ya kitu. Watu walinakili folda ya programu wakiacha folda ya sauti. Sauti nzuri zaidi, zile za Garritan, zilikuwa kifurushi cha pembeni chenye kusakinishwa kwake, na wimbo ulioandikwa kwenye kompyuta yenye kifurushi hicho ukifunguliwa kwenye isiyo nacho, faili linaita kwaya ambayo haipo. Matokeo ni kimya, au ala nyingine inashika nafasi. Nimeona mtu analipa fundi abadilishe spika.

Mwanya mwingine uko kwenye ufunguo wa sauti ya tatu, yaani tena. Binti mmoja wa kwaya ya vijana alinijia na wimbo wake wa Pasaka.

"Shikamoo mwalimu. Mbona tena zangu zinaimba juu ya soprano?"

"Marahaba, binti. Hebu nionyeshe ufunguo."

Ulikuwa ufunguo wa G mtupu. Mwanamume akiusoma ufunguo ule hushuka oktavi moja mwenyewe, kwa maumbile ya koo lake, wala haambiwi. Kompyuta haina koo. Inapiga kilichoandikwa. Tukaubadilisha kwa ule wenye 8 ndogo chini yake, na wanaume wakarudi mahali pao. Alicheka kwa furaha akataka tusikilize tena tangu mwanzo, nasi tukasikiliza.

Kutokana na sauti hizi imezaliwa desturi mpya, na mimi naipenda. Mwalimu anafungua mikisa ya programu, anapandisha sauti ya kwanza, anazishusha nyingine tatu ziwe za kusindikiza, anatoa faili la sauti na kulituma kwenye kundi la WhatsApp la soprano. Anafanya hivyo kwa kila sauti. Mama anayeuza mchicha anasikiliza alto yake akiwa sokoni, dereva wa bodaboda anasikiliza besi akisubiri abiria. Siku ya mazoezi wanakuja wakiwa wameshika njia. Kazi ambayo mzee wangu aliifanya kwa koo lake kwa wiki kadhaa, sasa inaanza nyumbani kwa kila mtu.

Programu iliyosukuma desturi hii mbele zaidi ni MuseScore, kwa sababu ni ya bure na ya halali. Mjerumani Werner Schweer alianza kuitengeneza mwaka 2002, toleo la 1.0 likatoka mwaka 2011. Kwa miaka mingi ilibeba sauti zake ndani ya faili moja dogo, kwaya yake ilikuwa nyembamba kidogo, lakini haikukosekana. Kisha tarehe 14 Desemba 2022 likatoka toleo la 4 na sauti mpya za Muse Sounds, zikiwemo za kwaya ambazo kwa mara ya kwanza zilinifanya nisimamishe kazi nisikilize. Uzuri huo ulikuja na mzigo wake. Sauti hazimo ndani ya programu. Zinapakuliwa kwa programu nyingine, Muse Hub, na ni mafaili makubwa. Mwenye bando la kawaida anaanza kupakua usiku, linakatika njiani, asubuhi Hub inaonyesha jambo moja na MuseScore inaona jingine.

Ninavyofanya mimi: kwanza natazama nafasi kwenye diski, kwa maana laptopu za mitumba mara nyingi zimejaa hadi shingoni. Naacha Hub imalize kabisa kifurushi cha kwaya peke yake, bila kuburuta okestra nzima. Nafunga MuseScore na kuifungua upya, kwani hutambua sauti mpya inapowaka. Ndipo naingia kwenye mikisa na kutazama kila mstari wa sauti umeelekezwa wapi, maana wimbo wa zamani unaweza kuendelea kuimba kwa sauti za zamani hata kama mpya zimeshaingia. Mashine yenye kumbukumbu ndogo ikianza kukwaruza, narudisha sauti ndogo za awali wakati wa kuandika, zile nzito naziacha mpaka siku ya kutoa faili la mazoezi. Na nota ikinyamaza peke yake katikati ya mstari, natazama rangi yake. MuseScore hupaka rangi nota zilizovuka uwezo wa sauti husika. Mtunzi amempandisha besi mahali ambapo besi wa kweli naye angenyamaza.

Lipo jambo moja ambalo hakuna usakinishaji unaolimaliza, nalo linaniuma. Kwaya hizi haziimbi maneno yetu. Wapo waliojaribu maneno: Yamaha na Vocaloid yao, iliyoingia sokoni mwaka 2004 na waimbaji wa Kiingereza na wa Kijapani, na EastWest na kwaya yao ya okestra yenye kifaa cha kujenga maneno kwa matamshi. Tunachotumia sisi ni "aa" na "uu". Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na "aa" haina silabi. Kijana anaandika "Furahini", anaweka "fu" kwenye pigo zito, "ra" na "hi" zinapita mbio, "ni" inakaa juu kwa mapigo manne. Kompyuta inaimba "aaa" tamu kabisa. Kwaya ikisimama kuimba, wanasikika wakisema neno ambalo hakuna Mswahili anayelitamka hivyo. Nyimbo tulizorithi kwa tafsiri zina majeraha ya namna hii tele, na tulizivumilia kwa kuwa sauti zake zilitungwa kwa lugha nyingine. Wimbo uliotungwa Songea kwa Kiswahili hauna sababu hiyo. Zaidi ya hayo kompyuta haipumui. Inavuta mstari wa mapigo ishirini na nne bila koma, na mtunzi aliyezoea kuisikiliza anasahau mapafu ya watu. Kwa hiyo kwangu mwanafunzi haruhusiwi kubofya kitufe cha kusikiliza kabla hajasimama akaimba ubeti wote kwa maneno, sauti zote nne, moja baada ya nyingine.

Mwaka 2024, tarehe 26 Agosti, wenye Finale walitangaza kwamba hawataiendeleza tena. Tangazo la kwanza lilisema baada ya mwaka mmoja haitawezekana kuiidhinisha kwenye kompyuta mpya. Watumiaji wakapiga kelele duniani kote, na sharti hilo likaondolewa. Lakini programu isiyoendelezwa itafika siku haiwaki kwenye Windows mpya, na nyimbo nyingi za makwaya yetu zimelala ndani ya mafaili yake. Njia ya kuziokoa ni MusicXML, iliyobuniwa na Michael Good na kutoka rasmi mwaka 2004, ambayo inahamisha nota na maneno kutoka programu moja hadi nyingine. Sauti ndizo zinazoweza kupotea njiani: kwaya inafika upande wa pili ikiwa kinanda, na mtu lazima aketi airudishe, mstari kwa mstari.

Kazi hiyo tunaifanya Jumamosi mchana, mimi na vijana watatu wenye laptopu. Tumefungua mafaili yote ya parokia, tunatoa MusicXML, tunaingiza MuseScore, tunasahihisha ufunguo wa tena, tunarudisha kwaya, tunaimba kwa maneno, tunachapa nakala moja ya karatasi kwa ajili ya kabati. Nyimbo za Majilio na Noeli zimekwisha. Sasa tuko kwenye za Kwaresima, ambazo ni nyingi kuliko nilivyodhani, na baadhi zina mwandiko wa stensili pekee, hazijawahi kuingia kompyuta yoyote.